Saba Mbili za Dada

Dada Mwanakombo,

Shikamoo. Naanza hapo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kwa sababu mama anapepeta mchele hapa barazani na ameshaniuliza mara mbili kama nimekuamkia. Marahaba yako na ikae huko huko Mombasa.

Mwaliko wako tumeupata. Mama ameuegemeza kwenye chupa ya chai, na kila anayeingia huonyeshwa. Chini yake umeandika kwa mkono wako kwamba hina yako hutaki ipakwe na mtu mwingine ila mimi. Mama aliposomewa hapo alilia kidogo. Mimi nilikwenda kisimani, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Unaijua kazi ya kupaka hina. Bibi harusi hukaa mkekani amenyoosha mikono, hawezi kushika kitu wala kujikuna. Mpakaji huinama mbele yake saa tatu, saa nne. Mmoja anatazama viganja. Mwingine hana la kufanya ila kumtazama mwenzake usoni. Nimeifikiria sana nafasi hiyo, nani atakuwa akitazama nini, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka siku kompyuta ilipoletwa hotelini? Tulikuwa wawili pale mapokezi Diani, wewe kwenye simu, mimi kwenye vitabu vya wageni. Wewe ndiye uliyeniombea kazi nilipomaliza sekondari. Ulimwambia meneja, "Huyu ana kichwa, mimi nina mdomo," akacheka, nami nikaingia. Ile mashine waliiweka mezani kwangu, mgongo wake ukielekea kiti chako. Ulilalamika kwamba waya zake zinakuharibia mandhari.

Miezi michache baadaye yakatokea yale machafuko ya huku pwani, na wageni wakaondoka kama maji yanayokupwa. Bwawa la kuogelea likaota ukungu wa kijani. Kima wakawa wanaingia chumba cha chakula kwa mwendo wa watu waliolipia. Kila asubuhi nilitakiwa kufungua barua za kompyuta nione kama kuna aliyeulizia chumba. Hakuna aliyeulizia. Ndipo nilipoiona meza ya poka ndani ya intaneti, watu wa kila upande wa dunia wakicheza karata kwa pointi zisizonunua hata andazi.

Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo, kwa sababu intaneti ilipita kwenye waya wa simu.

"Dada, nipe laini."

"Dakika kumi. Meneja akija, mimi simo."

Dakika kumi zikawa adhuhuri nzima. Nikakufundisha kanuni kidogo kidogo, nikisema peke yangu kwa sauti huku nikicheza. Kila mtu hupata karata tano. Unaruhusiwa kubadilisha baadhi. Kisha unaweka dau, au unamfuata aliyeweka kwa kuweka kama lake, au unatupa. Asiye na kitu akiweka dau bila kutetemeka, mwenye karata nzuri huogopa akatupa zake. Ni mchezo wa kusema uongo kwa adabu, na mimi, niliyekuwa siwezi kumdanganya mama hata juu ya kipande cha kashata, niligundua kwamba naweza kuidanganya dunia nzima. Hawakuniona. Nilikuwa jina tu. Mchezaji mmoja aliyejiita kwa jina la paka wake aliniandikia kwamba bila shaka mimi ni mzee mwenye damu baridi. Nilipokutafsiria ulicheka ukajifuta machozi kwa ncha ya leso. Toka siku ile ukawa unanitania, "Mzee wa Msambweni, chai yako hiyo."

Siku moja uliniambia, "Wewe utakwenda Mombasa kusomea hii mashine, wallahi. Hapa unapotea." Maneno hayo nililala nayo.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo wakati ule nililiona tamu kuliko yote. Kutoka kitini kwako, ukiwa unashona fulana au unamenya chungwa, ulikuwa ukisema, "Hiyo nzuri. Icheze." Au, "Tupa, mwanangu, huna kitu hapo." Kila mara ulikuwa umepatia. Nilidhani ni damu. Nilidhani ndugu walionyonya ziwa moja huhisiana hata bila kuonana.

Kisha meneja akatuita. Alikuwa amesimama, hakutuomba tuketi. "Ofisi kuu inataka mmoja abaki," alisema. "Atakayebaki atapelekwa Mombasa miezi sita akasomee kompyuta. Nyinyi ni ndugu, mimi siwezi kuingilia hiyo maneno. Nileteeni jina Ijumaa."

Dada, sikuwa nikitaka kitu kingine chochote duniani. Ulijua hivyo kuliko mtu yeyote, kuliko mama. Nilipendekeza vikaratasi viwili ndani ya kikombe, mama afumbe macho achukue kimoja. Wewe ndiye uliyekataa.

"Kura ni ya watu wasiojua kitu. Wewe umewashinda Wazungu huko kwao. Tucheze karata."

Nilikutazama miguu nikashukuru moyoni. Hukuwa umewahi kucheza hata mara moja. Nilidhani unanipa nafasi ile kwa njia ambayo haitaniaibisha, kama mtu anayemwachia mwenzake mnofu huku akisema ameshiba. Na niseme langu pia, kwa kuwa barua ya upande mmoja ni uongo: nilikubali haraka. Nilijua nitakushinda, na sikuona ubaya kukushinda. Tukaambiana kwamba si kamari, kwa kuwa mezani hapana shilingi. Sijui tulikuwa tukimdanganya nani.

Ilikuwa Alhamisi mchana, chumba cha chakula, viti vyote vimepinduliwa juu ya meza ila vyetu. Mutua wa baa alikubali kugawa. Kila mmoja wetu alikuwa na kete ishirini, simbi ndogo tulizoziokota ufukweni asubuhi, na atakayeishiwa ndiye atakayeondoka.

Hakuna aliyeniambia kwamba karata zina uzito. Kwenye mashine zilikuwa picha. Pale zilinata mikononi kwa unyevu, zikaniponyoka, nikazikumbatia kifuani.

"Sista," Mutua akasema, "hizo si vifaranga. Zilegeze, hazitakufa."

Kila aliponipa karata niliipokea kwa mikono miwili na kumwambia ahsante. Akaweka fungu chini akacheka. "Ukinishukuru kila moja tutamaliza Krismasi." Wewe hukucheka. Ulisema taratibu, "Mwache, ndivyo alivyo."

Na sikujua pa kuweka macho. Wale wa intaneti hawakuwa na umri. Wewe ni mkubwa wangu. Maisha yangu yote nimekuamkia nikitazama vidole vya miguu yako. Sasa nilitakiwa nikukazie macho nijue kama unasema kweli, na kila nilipojaribu nilihisi kama namvua nguo mtu mzima. Basi nikatazama kete. Ningechora hata leo kila moja ilivyopasuka. Uso wako wa siku ile siukumbuki kwa kuwa sikuuona.

Nilipopata basha watatu, wale wafalme wa karata, uliangalia kidogo ukatupa zako. "Leo sina bahati," ulisema. Nilipopata jozi mbili nzuri, ukatupa tena. Nilipokuwa sina kitu nikaweka dau kwa ujasiri wangu wa Mzee wa Msambweni, ulinifuata, ukachukua. Ikawa hivyo tena, na tena. Kete zangu zikabaki saba.

Mzunguko wa mwisho sikuwa na chochote. Nilibadilisha karata tatu, nikapata takataka nyingine. Nikafanya kilichokuwa kikiwafukuza wote kule ndani ya intaneti: nikazisukuma kete zote saba katikati, mkono haukutetemeka hata kidogo. Najivunia mkono huo mpaka leo.

Kima alipita juu ya paa. Kisha ukasema, "Nafuata."

Ukafunua. Saba mbili, na karata tatu zisizo na maana. Saba mbili, dada. Hakuna mtu anayefuata dau zima kwa saba mbili, hata mlevi, ila awe anajua kwamba mwenzake ameshika hewa.

"Umejuaje?" niliuliza.

Ukanyoosha mkono ukauvuta mtandio wangu mbele kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya tukienda chuoni kusoma Kurani. "Ukishika nzuri huuvuta hivi, kama unataka kujificha. Mzunguko huu mtandio hukuugusa."

"Umelijua lini?"

"Toka mashine ilipokuja," ulisema, na ulikuwa ukitabasamu, kama mtu anayenipa zawadi aliyoiweka siku nyingi.

Hapo ndipo nilipokiona tena akilini kiti chako cha mapokezi, na mgongo wa kompyuta. Hukuwahi kuiona ile mashine upande wa mbele. Miezi yote ile uliyokuwa ukisema icheze, itupe, hukuwa unaona karata hata moja. Ulikuwa unanisoma mimi. Na ulipoikataa kura, tayari ulikuwa umemaliza kusoma.

Mutua alizikusanya karata. Ndiye peke yake aliyeniaga siku niliyoondoka.

Mama alipojua hakulilia kazi, alililia kamari. Aliswali, akaniambia, "Mkubwa ni mkubwa, mwanangu. Utamfuata nyuma." Nimekufuata mpaka Matuga, kwenye ofisi yenye mashine ya kuchapa isiyo na herufi ya K iliyo nzima, ambako najaza fomu za mashamba ya watu wengine. Wewe ulikwenda Mombasa. Hoteli ilifungwa kabla hujamaliza masomo, cheti kikakupa kazi nyingine, na kazi hiyo ikakupa bwana. Mama anasema ni mtu mzuri. Naamini.

Usidhani nina uchungu wa kushindwa. Yule wa paka alinishinda mara nyingi, tukaagana vizuri. Ningekuelewa pia kama ungeniambia usoni, "Mimi pia naitaka." Ungekuwa na haki, wewe ni mkubwa, na wewe ndiye uliyeniingiza. Lakini ulikichukua kitu ulichokipata kwa kukaa nami, kwa kunichana nywele, kwa kunijua, ukakiweka mezani kama karata ya sita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama mawaidha ya wazee kwa watu wengine.

Na kuna ulichokichukua ambacho hata wewe hukukusudia. Siku hizi nikipata jambo zuri, sifa ya mkubwa wa ofisi, mvua baada ya joto, mtoto wa jirani akinikimbilia, mkono wangu huanza kupanda kwenye mtandio. Nauona, naushusha. Nilikuwa na furaha isiyojitazama, dada. Sasa inajitazama.

Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kuja. Kwenye karatasi mimi ni jina tena. Hapa ndipo ninapojua kucheza.

Lakini mama ameshaanza kushona nguo yangu ya harusi, na siwezi kumvunja mama kwa ajili yako. Basi nitakuja. Nitaketi mbele yako, nitakushika viganja na nitakupaka hina vizuri kuliko alivyopakwa mwanamke yeyote kutoka Vanga mpaka Kinondo. Wewe mikono yako itakuwa imefungwa, macho huru. Mtandio wangu nitakuwa nimeshauvuta mbele tangu kwenye feri, na sitauachia mpaka nirudi nyumbani. Tazama utakavyo. Huenda nimekusamehe. Huenda mkononi sina kitu.

Mama anakusalimu, na anauliza kama unakula vizuri.

Mdogo wako, uliyemsoma.