Inyanyue Kwanza

Mke mwenzangu Neema,

Babu yako hajambo, kikohozi kimemwacha, na mahindi yametoa mbelewele. Ila barua yako imenichefua. Wewe ndiye utakayeendesha baiskeli kila siku kwenda zahanati na kupita vijia vya mashambani huko Mishamo, halafu muuzaji anamgeukia mumeo: "Shemeji, mchukulie ya kike"?

Nimefungua shajara yangu ya ujana. Nilipopata kazi ya ukarani wa tumbaku Litapunga, muuzaji naye aliongea na kaka yangu tu. Wakanichagulia baiskeli nzito, yenye kikapu na madigadi ya kung'aa. Siku ya kwanza ya kazi, tope lilijaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likagoma. Kuinyanyua sikuweza. Nikaikokota, nikafika mizani ya kupimia tumbaku imeshafungwa.

Msimamizi akacheka, "Binti, leo baiskeli ndiyo imekupanda?" Kazi akapewa mwingine.

Jioni niliandika: "Hakuna aliyeniambia nijaribu kuinyanyua. Nami sikuuliza." Hilo la pili linanikera mpaka leo.

Basi rudi dukani, safari hii uongee wewe. Tairi liwe pana kiasi, lenye meno ya wastani, na kidole kipite kati yake na madigadi. Ikalie, miguu iguse chini. Kisha iweke begani, uzunguke nayo duka zima. Muuzaji akikucheka, mwambie naye aibebe ile ya kike.

Bibi yako, ambaye bado ana hasira,
Nyumbani, Mpanda