Wembe wa Mjomba

Tabu mdogo wangu,

Natumaini kahawa inakauka vizuri huko Hasamba. Huku ng'ambo ya Tunduma ni baridi, na uji naumeza kwa machozi. Daktari ameniondolea lile rovu shingoni, pamoja na tezi zilizojipanga kando yake kama punje za buni. Anasema ni saratani. Alipokuja kubadili bandeji akazitazama tena chale za mjomba wetu mganga, akauliza, "Mlichanja tu miaka yote hii?" Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Imekwenda na rovu. Na Mjomba alituapia kuwa rovu hilo ni urithi wa bibi!

Kwaya itafute mwimbishaji mwingine. Wakumbatie wanangu.

Nikirudi nitampigia Mjomba magoti na makofi, kama mila yetu itakavyo. Maneno ya salamu asiyangoje. Aliyamaliza kwa wembe wake.

Dada yako