Nywele Kabla ya Upasuaji

Mjukuu wangu Achieng,

Mlio wa kinu cha kahawa haujanitoka masikioni tangu Jumamosi. Huku Juba tuko salama, joto tu. Dada yangu, nyanya yako, hunipigia simu kila jioni. Nami ni nyanya yako pia, hata ukicheka kwamba mimi na wewe ni rika moja na tunaazimana nguo.

Umeuliza kama naogopa upasuaji. Naogopa. Uvimbe ukishatolewa kwenye titi ndipo watajua ni kitu gani, na kusubiri kulikuwa kumeninyima hamu ya chakula. Jumamosi jirani yangu Mama Keji aliingia, akaanza kutwanga kahawa na tangawizi bila hata kunipa pole.

“Nywele unaachia nani?”

“Nywele za nini sasa, Mama?”

“Wewe iko na uvimbe kwa titi, si kwa kichwa! Wakipasua, mkono haipandi juu. Utachana na mguu?”

Nilicheka mpaka machozi. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimefika hadi siku ya majibu tu, nikakwama hapo. Yeye alikuwa ameshanivusha. Akaniuliza nataka kusukwa nywele za kukaa muda mfupi au mrefu.

Jana alinisuka kutwa nzima. Nilichagua rasta nyembamba, zile za kukaa hadi Krismasi.

Nyanya yako mdogo,
Atieno