Mzee Asiyejua Kisambaa

Sumbawanga

Mdogo wangu Nuru,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka: marahaba. Goti limepata nafuu? Na maharage, mvua imeyabakiza? Mwili wangu ni mzima. Nafsi ndiyo inayonisuta.

Jumatatu mama mmoja alibisha hodi, akanisalimia kwa Kisambaa. Baada ya miaka arobaini huku, moyo uliruka. Kisha nikaona kandambili zake zilizoshonwa kwa waya, nikajua amekuja na shida. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Samahani mama, lugha hiyo siielewi."

"Aa, nisamehe baba. Muuza mboga kaniambia hapa anakaa Msambaa, mwalimu mstaafu. Mimi natoka Mponde. Namuuguza binti yangu hospitali, sina ndugu hapa wa kunipikia hata uji."

"Atakuwa amekosea nyumba," nikasema, nikafunga mlango.

Unamkumbuka mama yetu? Akisikia mtu wa kwetu ana mgonjwa, sufuria ilikuwa motoni kabla maelezo hayajaisha. Wala hakuuita huo msaada, aliuita wajibu. Mimi, na vitabu vyangu, nimebishana miaka yote na walimu wenzangu kwamba kutoa ni hiari ya mtu. Lakini kama ningeamini hivyo kweli, ningemwambia tu, "Siwezi." Nisingeikana lugha ya mama.

Asubuhi yake nilipika uji nikaupeleka wodini. Leo ni siku ya nne. Jana, akimnywesha binti yake, alimwambia kwa Kisambaa, nami nimekaa pale pale:

"Kunywa, mwanangu. Huyu mzee si mtu wetu, hakulazimika kutupa kitu. Ana huruma kuliko huyo Msambaa anayejificha."

"Lakini uji wake una madonge, mama!"

Wakacheka. Nami nikatazama dirishani kama mtu asiyeelewa. Sijawahi kusifiwa nikaumia vile.

Kesho wanaruhusiwa. Nimeamua kumsalimia kwa Kisambaa, mbele ya binti yake, kisha nimwombe radhi. Akikataa kunijibu, atakuwa na haki.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na wanao wote. Shangazi yetu wa Mazinde, anayekaa peke yake, mpelekee ndizi, usingoje aombe.

Ni mimi kaka yako,
yule Msambaa.