Bangili ya Bibi, au Bushi

Jumatatu, 9 Juni
Nimelisha kuku, nimedeki, nimejifungia chumbani. Likizo. Baba mdogo Elia kaja tena kutoka gereji yake Ngarenaro, kaanza kumtania Bibi. Ile bangili ya kijani Bibi aliichimbua kwenye migomba ya Akheri, mwaka alioolewa. Baba mdogo anasema ni bushi, kipande cha duara cha ndani ya mashine. Mashine ya kahawa ya wazungu. Wote wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Najichukia. Bibi hakumaliza chai. Kwake ni ya wanawake wa zamani, na siku ya kipaimara changu, Desemba, atanivalisha. Nataka awe sahihi.

Jumanne, 10 Juni
Nimethubutu. Nimemwomba Dada Upendo, jirani yetu hapa Lemara. Kazi yake ni kuchunguza metali za kale. Hakunisikia, nikarudia. Kakubali, Alhamisi. Ana kifaa kinachosoma metali bila kuikata, na darubini ya kuonyesha alama za nyundo. Bibi kusikia hivyo, uso ukamchangamka.

Alhamisi, 12 Juni
Nimechanganyikiwa.
Asubuhi nilimkuta Bibi uani na majivu, mchanga na limau. Anaisugua. Kijani yote imetoka, ndani na nje. Inang'aa. Nilijua ni kosa. Ile kijani ni kutu, tulisoma kwenye kemia, kwa Kiingereza, hadi mtihani niliujibu. Nikaenda kulisha kuku. Nitamwambiaje Bibi, tena kwa Kimeru, kwamba uchafu ndio ushahidi?
Nikaipeleka kwa Dada Upendo; kifaa kimesema shaba na bati. Bronzi! Nikafurahi. Kumbe bushi nazo ni bronzi. Dada Upendo akainamia darubini. Iliyofuliwa kwa nyundo hubaki na vibonyeo, iliyochongwa kwa mashine hubaki na mistari iliyopangana. Yeye anaona mikwaruzo ya mchanga tu. Na ile kutu ingetudokeza imekaa udongoni sana au kidogo.
“Mdogo wangu, nani kaisugua hivi?”
Nikasema sijui. Mwongo.

Ijumaa, 13 Juni
Bibi kauliza. Nimesema majibu bado. Nikisema, atajua ni mikono yake iliyofuta. Nisiposema, Baba mdogo kashinda. Na kama kweli ni bushi? Sijui hata naomba nini.

Jumamosi, 14 Juni
Baba mdogo mbele ya wote: “Haya profesa, bangili au bushi?”
Nikasema haijulikani, kwa sababu niliisugua mimi, alama zikapotea.
Bibi akanitazama.
“Huyu? Huyu hajawahi kusugua sufuria ikatakata. Nimeisugua mimi. Ningeipelekaje kwa wasomi ikiwa chafu?”
Baba mdogo akasema, “Shikamoo, mama,” kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Jumapili, 15 Juni
Tulipotoka kanisani Bibi alikuja kukaa kitandani kwangu. Akauliza kama ipo njia nyingine. Ipo. Dada Upendo alisema ikikatwa kipande, huenda ndani ikaonekana ilivyotengenezwa. Huenda. Nikamwambia yote.
Akafikiri. Akauliza kama mimi nataka ikatwe. Nikasema sijui, Bibi. Ndiyo kweli yenyewe.
Akaniomba mkono. Hakungoja Desemba.
Imenipwaya. Ninaandika nikiwa nayo, na kila nikimaliza mstari inagonga meza.