Springi za Nyuma za Safari ya Idete

Mke wangu, Mama Neema,

Nimerudi bondeni. Najua ungependa turudi pamoja, maana hata kule Singida tulikozeekea, kila ukiona wingu ulisema, "Idete leo wamelowa." Nakuandikia kutoka Kibaoni, nyumbani kwa mdogo wako Asteria, na habari yenyewe ni ya springi za pikipiki. Cheka tu. Ulizoea kusema nikianza mazungumzo hayo sina breki.

Asteria alianguka akavunjika nyonga. Imeunga, anatembea na fimbo, ila hakuwa amefika tena kwenye shamba la mpunga mlilorithi kwa mama yenu; msimu huu lilipandwa na vibarua. Alijaribu kwa bodaboda, hawakufika hata nusu ya njia, akaomba arudishwe kwa maumivu. Nilimkuta ameshaamua kulikodisha.

"Nitalilimaje wakati silioni?" aliniuliza, akageukia sufuria yake ili nisimwone uso.

Nikamwomba asubiri kidogo. Pikipiki ya marehemu mumewe ilikuwa imelala stoo.

Unaikumbuka ya kwetu? Springi zake zilikuwa ngumu kama za kila mtu, kwa sababu bondeni pikipiki hupimwa kwa gunia la mpunga. Ulikaa upande, kapu mapajani, khanga umeikunja chini yako kama mto. Shimo likikaribia uligonga bega langu: mara moja, nipunguze, mara mbili, nisimame. Tulizunguka bonde lote bila kupigiana kelele.

Basi nikaisukuma hadi kwa fundi, Asteria akinifuata polepole. Shokapu za nyuma, zile zenye springi, zilikuwa zimevuja oili. Ukikandamiza kiti, kinadunda bila kutulia. Fundi akaleta mpya zenye springi mbili, moja ndani ya nyingine.

"Hizi, mzee, pakia magunia unavyotaka. Hazilali."

"Kwani fundi, mimi unaniona gunia?" Asteria akauliza.

"Samahani, bibi. Nilitaka kujua tu uzito..."

"Uzito wa shemeji yangu hauulizwi mbele za watu," nikasema.

"Uliza kwanza wa huyo," Asteria akamwambia fundi. " Kitambi chote hicho kimetoka Singida!"

Hapo ndipo penye kosa letu watu wa mpunga. Springi ya gunia hainywei mpaka ibebe gunia. Ukimweka juu yake mama mwembamba, kila shimo linampanda mgongoni. Lakini laini mno nayo ingelala hadi chini tukishakaa wawili, halafu igonge chuma kwa chuma, na huo ndio mshtuko mbaya zaidi. Fundi akatoa ndefu, nzuri kwa makorongo. Nikakataa: kiti kingeinuka, na mguu wa Asteria hauinuki.

Tukachagua za springi moja, urefu uleule wa zamani. Kisha nikaomba jambo ambalo pale halifanywi. Mafundi wa huku hukandamiza kiti kwa mkono, wakaridhika. Mimi nikapanda, Asteria akakaa nyuma, fundi akachuchumaa kutazama pikipiki inavyoshuka. Ilishuka kupita kiasi. Akazungusha pete ya chini ya springi ili kuikaza, kulia na kushoto sawasawa, tukakaa tena, ikashuka kiasi tu.

"Mzee anapimiwa suti!" vijana wa kijiweni wakacheka.

"Ya harusi," Asteria akawajibu. "Michango mlete mapema."

Jana asubuhi tukaondoka. Sikumwambia kitu kuhusu bega. Palipochimbika nilikwenda taratibu, nikiusikiliza mkono wake mgongoni kwangu. Haukugonga. Pikipiki ilizama shimoni ikapanda kwa utulivu, bila kurusha teke. Nikaanza kutumaini. Tulipoingia Idete, akanigonga bega. Mara mbili.

Nikasimama. "Nyonga?"

"Nyonga gani? Tazama!"

Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, umeanza kugeuka njano. Aliteremka mwenyewe, akashika fimbo, akapita juu ya tuta hadi ukingoni. Ndege walikuwa wametua wengi. Akainua fimbo ile anayoegemea, akaitikisa hewani.

"Haya! Ondokeni! Wenyewe tumekuja!"

Wakaruka wote. Mama Neema, ilikuwa sauti yako kabisa, ile mliyoamia ndege mkiwa wasichana.

"Shemeji," akaniambia bila kugeuka, "wale wa kukodi waambie watafute kwingine."

Nikamuuliza nani amemfundisha kugonga bega. "Dada," akasema. "Alisema wewe husikii kwa masikio."

Nimewaza, mavuno yakifika, nifunge springi za magunia. Asteria amekataa: mpunga utapanda tela, yeye atapanda nyuma yangu. Nami nitakuja na Neema huko ulikolala, kwenye ardhi kavu, tukunyunyizie kiganja cha mpunga mpya. Ujue Idete wamelowa.

Mumeo,
Baba Neema