Figa la Goweko

Jumanne, 3 Agosti 1954

Mwanangu Modest hakulala. Jino. Na mimi sikulala. Nilikoleza moto macho nusu, na hapo ndipo mume wangu Raymundi akaingia uani na bwana wake, yule Mzungu wa mawe. Walitaka chai kabla lori halijaja.

Mzungu alikuwa na kisanduku chake begani. Raymundi hunisimulia kila siku habari za kisanduku hicho, kwamba kinalia kikisikia jiwe fulani, nami huitikia tu, kama mke anavyoitikia habari za kazini. Leo kimelia jikoni kwangu. Tik. Tik. Kisha mfululizo, kama mahindi kwenye kikaango. Mzungu akapiga magoti kwenye majivu na suruali yake nyeupe. Akapitisha kifimbo juu ya mafiga yangu matatu. Mawili kimya. La tatu, lile kubwa jekundu lenye chembe za manjano, ndilo.

Akauliza, Mama, hili limetoka wapi? Kiswahili chake ni kizuri, cha polepole.

Nikajibu bila kufikiri: la mama mkwe, wa Goweko, alinipa nilipoolewa.

Ningeuma ulimi kwanza.

Wamelichukua lingali moto, wakalifunga kwenye gunia. Linakwenda Dodoma kupimwa. Raymundi anacheka kama aliyeoa leo. Chai hawakuinywa.

Jumatano, 4 Agosti

Mafiga mawili na tofali. Sufuria imelala upande, maharage nusu yamekwenda motoni. Pelagia, miaka mitatu na hasahau kitu, ananiuliza: mama, jiwe letu limekwenda shule?

Nikamwambia ndiyo. Limekwenda kufanya mtihani.

Ijumaa, 6 Agosti

Raymundi amenieleza leo, vizuri, mtoto akiwa mapajani mwake. Jina lake ni udongo adimu. Si udongo, ni jamii ya madini kumi na kitu yanayofanana kama ndugu. Na Mzungu anasema wala si adimu sana. Yapo mahali pengi, ila machache machache, yameshikana, na kuyatenganisha ndiyo kazi. Kisanduku hakiyasikii yenyewe. Kinamsikia mwenzao aliyejichanganya nao jiweni.

Nikauliza, ya kazi gani? Akatoa kiberiti cha petroli alichopewa na bwana wake, akakisugua. Ile cheche, anasema, ni hayo. Kijifuko cheupe cha karabai kinachowaka bila kuungua, ni hayo pia. Vioo vya miwani vinasuguliwa kwa unga wake. Taa ya sinema inayopiga picha ukutani, hayo hayo. Nilitazama mahali pa figa. Miaka sita napikia ugali juu ya sinema.

Kisha akasema lililomleta. Kibarua chake kinakwisha mwezi huu. Mahali lilipotoka jiwe pakipatikana, atakuwa nyapara wa wachimbaji, kazi ya kudumu, nyumba ya bati. Mama alilitoa wapi?

Muulize mama, nikasema.

Si uongo. Ni nusu.

Jumamosi, 7 Agosti

Nitaandika hapa nisichoweza kusema.

Kwao Raymundi mafiga ni mambo ya wanawake. Mkwe humchukua mkamwana alfajiri, wawili tu, wanakwenda kilimani na kurudi na jiwe kichwani. Mwanamume hafuati njia ile wala haulizi. Raymundi ana miaka ishirini na minane, amelishwa juu ya mawe yale tangu ameachishwa ziwa, na hajui kilima kiko upande gani wa reli.

Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya pili sikwenda kuchukua jiwe. Tulimpeleka wa kwanza wangu. Mvulana. Hakulia. Hakuwahi maji ya ubatizo, kwa hiyo makaburi ya kanisa hayakuwa yake. Mama mkwe alimviringisha kwenye kanga yake mwenyewe, akachimba kwa jembe la mkono chini ya kilima, walipo wengine, wa wanawake wengine. Wawili ni wake. Akaweka jiwe dogo. Akaniambia nisilie njiani.

Raymundi alikuwa kazini, Nzega. Aliporudi alinunua kitambaa cha gauni. Hakuuliza. Wanaume hawaulizi.

Na sasa nimwelekeze lori?

Jumatano, 11 Agosti

Mama mkwe ameshuka treni ya asubuhi na kuku wawili. Bibi Sikuzani wa Goweko, mwembamba kama mwiko, mdomo haukupungua uzito. Shikamoo mayu, ndivyo kwao wanavyomwita mama. Marahaba. Akatazama jiko langu, tofali, akatazama upande mwingine.

Raymundi hakungoja hata anawe. Mama, lile figa ulilitoa wapi?

Mama mkwe akasema: wewe ukishiba huwa unauliza chungu kilifinyangwa wapi?

Raymundi akasema atauliza kama chungu kitampa kazi.

Basi muulize anayekipikia, akasema mama mkwe. Akainama kumfungua kuku miguu. Raymundi akanitazama. Nikamtazama kuku.

Mchana tukimwogesha Modest, mama mkwe alinisimulia mambo. Mama yake alikuwa akipikia misafara, zile enzi za wapagazi na pembe. Wanawake wa Goweko walikuwa na vituo vyao njiani, wakiuza ugali na viazi. Mawe ya huko njiani yalipasuka motoni, hivyo kila kituo walipeleka mafiga ya kilimani, wakiyabeba kichwani hadi mwendo wa siku nzima. Misafara ikaisha, reli ikaja, wakarudi nyumbani. Mafiga wakayaacha. Figa haling'olewi, akasema, na mkono wake ukasimama juu ya tumbo la mtoto.

Mayu, nikasema, wakikubana?

Marcelina, mimi ni mzee. Nikibanwa nitasahau. Wewe ndiye kijana, wewe unakumbuka, kwa hiyo kazi ni yako.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimekwenda mjini kununua kijifuko cha karabai. Pelagia aliingiza kidole kwenye cha zamani, kikawa majivu. Mzee Shaban, fundi wa taa, anacho kimoja tu. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, na pole kwa bei, imepanda.

Nikamuuliza kwa nini kimepanda. Yeye ana jamaa Bombay anayemwandikia, basi anajua. Mchanga wa kutengenezea vitu hivi ulikuwa ukitoka pwani za India na Brazili. India imefunga mlango: hawauzi tena mchanga mbichi, wanataka kuusafisha wenyewe. Tangu hapo wenye viwanda wanazunguka dunia nzima na visanduku.

Na mlango utafungwa mpaka lini?

Akaweka bisibisi chini. Akasema kuna Marekani. Wamegundua mlima mzima jangwani kwao, wanachimba. Ukiona kijifuko kimeshuka bei, mwanangu, ujue Marekani wamejaza soko na hakuna atakayehangaika tena na mawe ya Unyamwezi.

Bei ikishuka utaniambia?

Akacheka hadi akakohoa. Mke wa kibarua amekuwa dalali wa Bombay! Utaziuza wapi, karabai elfu?

Nilicheka naye. Njiani kurudi sikuwa nikicheka. Modest mgongoni, Pelagia mkononi, nami nawaza Wamarekani. Wana nguvu? Wanachimba na Jumapili?

Jumanne, 17 Agosti

Majibu yametoka Dodoma. Jiwe limefaulu.

Mzungu ana haraka. Anasema wanunuzi wa Ulaya wanatafuta mwaka huu. Mwaka kesho mlima wa Marekani ukishika kasi, barua zake hazitajibiwa. Alhamisi wanakwenda Goweko, yeye na Raymundi na kisanduku, watembee mpaka kilie.

Nikauliza, na shamba la mtu likiwa juu yake? Raymundi akasema kilicho chini ya ardhi ni cha Serikali, shamba litalipwa. Na makaburi? Akasema, makaburi ya nani?

Baadaye, anafunga mzigo: Mama Pela, niambie upande tu. Kaskazini ya reli au kusini.

Nikasema: hilo sitakwambia, Baba Pela, na usiniulize tena mbele ya watoto.

Nimekukosea nini? akauliza.

Si mtu mbaya. Humbeba Modest barabarani, mchana kweupe, wenzake wakimcheka. Ndiyo maana naumia.

Jumapili, 22 Agosti

Niliwaombea Wamarekani kanisani. Padre akijua.

Jumatano, 25 Agosti

Sina raha. Nafagia palipofagiliwa. Jino la Modest limetoka, na la pili linakuja. Nilipita kwa mzee Shaban. Hata hakusubiri nimwamkie: bado, dalali, bado.

Jumamosi, 28 Agosti

Amerudi. Vumbi mpaka kwenye kope, na furaha. Amemrusha Pelagia juu, amekula, kisha akakunjua ramani juu ya mkeka.

Kisanduku kimelia! Si mara moja. Kutoka Goweko kuja huku, mahali saba, na vibendera saba kwenye ramani, karibu mstari mmoja. Mzungu anauita mkanda. Anasema mwamba wenyewe umepita chini, na hayo ni masikio yake yanayochungulia. Mawe yamezama nusu kwenye nyasi, meusi kwa juu, mekundu ukiyavunja. Na mstari unaelekea Tabora, mke wangu. Pengine unapita chini ya kitanda chetu.

Nilifuata vibendera kwa kidole. Cha kwanza kando ya kijito. Cha pili saa mbili za mguu, penye kisima. Cha tatu penye mikwaju. Maji, kivuli, maji, kivuli.

Si mkanda. Ni njia. Ni njia ya misafara, na Mzungu amekwenda kusikiliza jiko moja baada ya jingine, jiko la mama yake Sikuzani na wenzake, waliolala zamani.

Nilitaka kucheka. Nilishika mdomo nikajifanya napiga miayo.

Kisha akasema yaliyobaki, na kicheko kikaniisha. Jumanne wanaajiri watu hamsini. Watachimba kila penye kibendera. Mzungu alisitasita, anataka kuona mwamba kwanza, na ni Raymundi aliyemwapia: hii ni nchi yangu, bwana, mkanda upo. Amepewa unyapara kwa kiapo hicho.

Watu hamsini wachimbe majivu. Watamcheka mpaka wajukuu wake. Nami nitakuwa nilijua, nikawaacha wachimbe.

Nikisema ni mafiga tu, swali litakalofuata ni lile lile: kilima kiko wapi.

Upande wa Goweko, nyuma ya kibendera cha kwanza, Mzungu amechora duara kwa penseli. Anadhani mkanda unaanzia huko. Amekosea kidogo. Maili mbili, labda pungufu.

Jumatatu, 30 Agosti

Asubuhi. Naandika jikoni, karatasi gotini.

Jana Raymundi hakwenda kanisani. Alikaa na ramani siku nzima. Leo pia ameamka nayo. Mzungu anakuja saa nne kutia sahihi ya watu hamsini.

Nilikuwa nateleka uji. Sufuria iliinama juu ya tofali, kama kawaida, nikaitegemeza na kigae. Nikahisi yupo mlangoni. Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama mawe mawili na tofali.

Kisha akachuchumaa, ramani mkononi. Kila kibendera ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa shule, idadi ya mawe yaliyolia. Tatu. Tatu. Tatu. Tatu. Sita. Tatu. Tatu. Ananionyesha kama mtoto anayeonyesha kidonda.

Mama Pela, kwa nini kila mahali ni matatu?

Nikakoroga.

Akasema taratibu, kama anajisemea: pale penye sita kulikuwa na majivu chini. Nilidhani moto wa pori.

Nikakoroga.

Nilimngoja acheke au anitukane. Alikuwa na haki zote mbili. Akamwinua Modest mkekani, akampakata, akawa anampangusa udenda kwa kidole gumba. Pelagia akaja kumwegemea. Akawatazama, mmoja, wa pili. Alikuwa kama anahesabu, na hesabu haitimii.

Halafu akauliza. Si lile la kilima.

Yule wetu wa kwanza. Mlimlaza wapi?

Miaka mitano. Sijui kama ameuliza kama nyapara au kama baba. Namtazama usoni nashindwa kujua. Nafikiri hata yeye hajui bado.

Nje nasikia lori, bado mbali, upande wa stesheni. Ramani ameiweka chini, karibu na moto mno, ncha yake imeanza kukunjamana. Haioni. Au anaiona.

Nimemwambia asubiri uji uive. Ameitikia kwa kichwa. Hajainuka.